Ini nalo linaumia kwa sukari

Mhariri,

Tukiambiwa tupunguze sukari, hofu yetu yote huishia kwenye kisukari. Ini tunalisahau. Sukari ya mezani imeundwa na sukari za aina mbili: nusu glukosi, nusu fruktosi. Glukosi hutumiwa na karibu kila seli ya mwili, lakini fruktosi ikinywewa kwa wingi, sehemu kubwa huishia kwenye ini. Huko kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) kiitwacho fruktokinesi huishughulikia upesi, bila ile breki inayodhibiti glukosi. Kazi hiyo humaliza nishati ya seli, na mabaki yake huwa asidi ya yuriki, ambayo ikizidi huleta jongo, ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma sana. Fruktosi ya ziada hugeuzwa mafuta: mengine huingia kwenye damu, mengine hurundikana humo humo ndani ya ini, hata kwa mtu asiyeonja pombe.

Matunda msiyakimbie, tafadhali. Tunda zima lina nyuzinyuzi, na fruktosi yake huingia polepole. Ninachokihofia ni soda, na juisi pia, hata isiyoongezwa sukari. Madaktari wanaomkataza mgonjwa wa jongo nyama nyekundu, nawaomba wamuulize vilevile anakunywa soda ngapi kwa siku.

Msomaji wenu