Barua kwa Neema: ibada na afya ya mwili

Mpendwa Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeipata. Umeniuliza kama kwenda ibadani kunarefusha maisha, na namna ya kupima presha kanisani. Ndiyo, wanaohudhuria ibada mara kwa mara huishi zaidi. Ila nakusihi, mchungaji asilitangaze hilo madhabahuni kama ahadi.

Utafiti ninaouamini zaidi ulichapishwa Marekani mwaka 2016. Ulifuatilia wauguzi wanawake 74,534 kuanzia 1996 hadi 2012. Waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 33, wakilinganishwa na wasiohudhuria kabisa. Kuna mtego hapo: mgonjwa aliyelala hawezi kwenda ibadani, kwa hiyo ukihesabu kizembe, kanisa litaonekana linaponya hata pale ambapo halijamgusa mtu. Watafiti walilijua hilo, wakazingatia afya ya kila mmoja na mahudhurio yake ya nyuma, na tofauti ikabaki.

Inatoka wapi? Sehemu yake, karibu asilimia 23, ilielezwa na kuwa na watu wa kukutegemeza, na nyingine karibu 22 na kutovuta sigara. Kupungua kwa sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa) nako kulichangia. Maana yake, usharika wenye waumini mia tano wasiojuana usitarajie faida ile ile. Hapo ndipo ningeweka nguvu zenu: kila jumuiya iwe na daftari la mahudhurio, na asiyeonekana Jumapili mbili mfululizo atembelewe wiki hiyo hiyo. Mjane mwenye kisukari aliyeishiwa dawa hugunduliwa namna hiyo, kabla hajafikishwa hospitali akiwa hajitambui.

Viongozi wa dini wana sauti kubwa kuliko mabango yetu ya afya. Huko Mwanza, jaribio lililochapishwa 2017 liliwafundisha viongozi wa makanisa kuhusu tohara ya wanaume. Katika vijiji vyao asilimia 52.8 ya wanaume walitahiriwa, dhidi ya 29.5 katika vijiji vingine. Sauti hiyo hiyo inaweza kuua. Mtu wa presha au wa ARV (dawa za virusi vya UKIMWI) akiambiwa amepona, akaacha dawa, madhara hayaonekani siku hiyo. Huja baadaye, kama kiharusi au virusi vilivyozoea dawa. Mchungaji aseme waziwazi: tunaomba, na dawa unaendelea kumeza.

Sasa kupima presha baada ya ibada. Kosa kubwa ni kumpima mtu aliyetoka kuimba na kusimama, tena huku anapiga stori. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni, miguu isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Awe amekwenda haja ndogo, na nusu saa kabla asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Pima mara mbili, dakika moja katikati. Ikiwa 140/90 au zaidi, usimwambie ni mgonjwa; arudiwe siku nyingine, na ikibaki juu aende zahanati. Ikifika 180/110, aende siku hiyo hiyo, na kama ana maumivu ya kifua au upande mmoja umelegea, msingoje chochote, mpelekeni hospitali.

Nunueni mikanda ya kipimo cha presha, ile inayofungwa mkononi, ya saizi mbili. Ule wa kawaida mara nyingi ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mkono mnene ukiufunga huo, presha husoma juu kuliko ilivyo, na mtatisha kina mama bure.

Soda na maandazi ya baada ya ibada yapunguzeni, wekeni maji na matunda. Madirisha yawe wazi muda wote wa ibada, na mwenye kikohozi cha wiki mbili apelekwe kupima kifua kikuu.

Nitumie orodha ya wazee wa kanisa watakaopima, niwaandalie fomu ya kuandikia matokeo. Majina yasibandikwe ubaoni.

Wako katika Kristo,
Elia