Barua kwa Mwanaidi: Walioandika Magazeti ya Misheni

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Sisi hatujambo, mama naye anaendelea vizuri, anakusalimu wewe na watoto.

Nimelisoma somo ulilowaandalia wanafunzi wako. Zuri sana, ila pale uliposema kwamba magazeti ya mwanzo ya wamisionari yalikuwa mahubiri matupu, nakuomba uparekebishe, mwenzangu. Mtambo wa kuchapa ulikuwa wa misheni, kweli. Lakini kalamu je?

Mtazame Tiyo Soga, mchungaji wa kanisa, mtu wa kabila la Waxhosa. Gazeti la Indaba lilipoanza mwaka 1862 kule Lovedale, kituo cha misheni cha Afrika Kusini, aliwasihi wasomaji walete ngano na historia za wazee wao zihifadhiwe humo. Ardhi yao ilikuwa inaporwa, naye akataka angalau kumbukumbu zisiporwe.

Baadaye hapohapo Lovedale likaja gazeti la Isigidimi samaXhosa. Mwaka 1881 akakabidhiwa uhariri John Tengo Jabavu, kijana wa miaka 22. Alitaka kuandika siasa, kura za Waafrika wa Koloni la Rasi (koloni la Waingereza kulekule Afrika Kusini) hasa, na misheni haikupenda. Basi akaondoka, na Novemba 1884 akatoa gazeti lake, Imvo Zabantsundu, mjini King William's Town.

Isigidimi likabaki kwa William Gqoba, na huyu ndiye ninayempenda kuliko wote. Alichapa humo tenzi ndefu za majibizano. Katika mmoja, watu wanabishana kuhusu elimu waliyoletewa na wazungu: huyu anashukuru, yule analalamika waziwazi kwamba wanapunjwa. Ndani ya gazeti la misheni, Mwanaidi! Watu wa pwani waliolelewa na malumbano ya ushairi wangemwelewa mara moja. Gqoba alifariki mwaka 1888, na gazeti likafa mwaka huohuo.

Ni mwaka huohuo pia UMCA, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, ilipoanzisha gazeti la Msimulizi kwetu, Kiungani, Unguja, katika shule iliyokuwa ya vijana waliokombolewa utumwani. Walimu Waafrika waliandika kutoka vituo vyao, Magila hadi Masasi, kwa Kiswahili, wakisomwa na wenzao.

Kwa hiyo wanafunzi wako wawajue kwanza Soga, Jabavu na Gqoba, ndipo uwatajie misheni. Ukija likizo nitakupa madondoo yangu yote ya tenzi za Gqoba, uyatumie darasani.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Rehema