Herufi moja ya Empedocles

Ndugu yangu Salim,

Salamu zako zimefika, na wa nyumbani wote wanakusalimu. Juzi uliniuliza kwenye simu nimeona nini kwa Empedocles, yule mwanafalsafa mshairi wa Ugiriki ya kale, hata nakesha naye, mtandao ukakatika kabla sijakujibu. Jibu ni hili: herufi moja.

Vitabu vyake, kama ujuavyo, havipo. Diogenes Laertius, mwandishi wa kale wa maisha ya wanafalsafa, anataja mistari 5,000 kwa mashairi yake mawili, la maumbile na la utakaso. Iliyotufikia haifiki hata sehemu ya tano, tena karibu yote kwa kunukuliwa na wengine. Simplicius, karne ya 6 BK, alimnukuu alipokuwa akimfafanua Aristotle. Plutarch alichomoa mstari hapa na pale kupamba hoja zake. Kila mmoja alichota alichokitaka. Mwaka 1903 mtaalamu wa Kijerumani Hermann Diels akavikusanya vipande akavipa namba, nasi tukazoea kusoma mpangilio wa Diels kana kwamba ni wa Empedocles mwenyewe.

Kumbe mwaka 1904 Otto Rubensohn alikuwa amenunua huko Akhmim, Misri, mafunjo, yaani karatasi za kale za matete, yaliyotumika kutengenezea taji la maiti. Yalikaa Strasbourg, yamechanika vipande 52, hadi mtaalamu wa mafunjo Alain Martin alipotambua miaka ya 1990 kwamba maneno ni ya Empedocles. Yeye na Oliver Primavesi waliyachapisha mwaka 1999. Salim, nilipofika pale Simplicius anapokomea na mafunjo yakaendelea mbele, mstari kwa mstari, nilifunga kitabu nikatoka nje kwanza. Pembeni mnakili ametia gama, herufi ya tatu ya Kigiriki, yaani mstari wa 300, herufi moja kwa kila mistari mia: alikuwa akihesabu mistari!

Sasa herufi yangu. Empedocles anafundisha kuwa vyote vimetokana na mizizi minne, moto, hewa, maji na ardhi. Upendo huiunganisha, Ugomvi huitenganisha. Kwa Simplicius, vitu “vinakusanyika” kuwa kimoja. Mafunjo, penye N katika neno hilo la Kigiriki yameweka TH, na maana yake ni “tunakusanyika”. Ni kama kutoa vi- ukaweka tu-. Mahali fulani mkono wa pili umekuja kuandika N juu ya ile TH.

Wapo wanaosema mnakili alikosea. Mimi sikubali, kwa sababu TH hiyo inatokea zaidi ya mara moja. Halafu humo humo kwenye mafunjo kuna kilio cha mtu anayejutia kula nyama, kilio ambacho Diels alikiweka katika shairi jingine kabisa, lile la utakaso. Basi huenda aliyekuwa akitufundisha moto na maji ndiye huyo huyo aliyekuwa akijililia, na hiyo “tu-” ni yake na yetu.

Nimekunakilia mistari yote miwili nyuma ya karatasi hii, wa Simplicius na wa mafunjo. Isome kwa sauti kabla hujaniandikia, na ukiona nimepotoka usinionee haya.

Ni mimi nduguyo,
Hamisi