Mdogo wangu, kabla hujamalizia hela ya huo mtutu

Mdogo wangu,

Nimesikia kwa watu, siyo kwako, kwamba umeshapata fundi bunduki wa kukuundia gobore la masafa marefu na hela ya mtutu umeanza kulipa kidogo kidogo. Kusikia kwa watu kumeniuma. Columbus hii hii ya Ohio tunaishi wote, na unajua hakuna stori naipenda kama hiyo. Simu zangu hupokei, basi naandika hapa maana najua hapa unapita.

Nimeambiwa umeanza na mtutu, ukaja darubini, risasi utatafuta baadaye. Hapana. Anza na risasi. Gobore la baba lilikuwa na mtutu laini ndani, halina mifereji ya kuizungusha risasi, kwa hiyo mzee hakuhangaika na hesabu yoyote, alinyata mpaka anaona kope za mnyama ndo anafyatua. Wewe unataka yadi 400. Huko risasi inayokata upepo ni ile ndefu yenye ncha, na risasi ndefu inataka msokoto wa haraka, yaani mifereji iizungushe mara moja ndani ya inchi chache. Kalibra 50 (tundu la nusu inchi) nyingi za dukani zina mzunguko mmoja kwa inchi 28, zinazitosha zile risasi fupi zinazoingia na kikombe cha plastiki, ila kwa kalibra 45 kama hiyo yako na risasi ya uzito wa greni 285 au 300 watu wanaenda mzunguko mmoja kwa inchi 20 mpaka 24. Sasa ukishanunua mtutu ndo uanze kuitafutia risasi utakuta umefungwa. Mpe fundi risasi mkononi, yeye ndo awaagize watengeneza mitutu, Brux au Bartlein, mtutu unaoifaa.

Na hiyo risasi lazima ipimwe na mtutu wenyewe, kuna dai, kile chuma chenye tundu cha kuipunguza kidogo kidogo mpaka ishuke kwa kubana, isilazimishwe wala isiteleze. Ikilegea halafu ukatembea mdomo wa bunduki umeangalia chini, inasogea mbele inaachana na baruti, na ukifyatua ikiwa na nafasi hapo katikati mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Mdeki, ile fimbo ya kushindilia, uutie alama. Kila ukishindilia alama ikae pale pale, isipokaa usifyatue.

Kuhusu moto, sikiliza vizuri. Kama unatumia baruti ya Blackhorn 209 inataka fataki kali (kile kidude cha kuiwashia), zile 209 za magnum, zile dhaifu zilizoandikwa za gobore zinaweza kuchelewa kuwasha hasa kwenye baridi ya huku. Na inapimwa kwa ujazo, ukijaza kipimo cha 100, kwenye mizani ni kama greni 70, usije ukachanganya. Ukitaka baruti isiyo na moshi ya rifle za kisasa basi kila kitu kiwe kimejengwa kwa ajili yake, risiva (kile kiunzi kinachoshika mtutu), mtutu, plagi inayoziba nyuma ya mtutu, vyote. Kwenye gobore la kawaida ile inapasua bunduki na uso wako. Plagi yenyewe ina tundu dogo la moto, kama 0.030 ya inchi, linaliwa na joto na likipanuka tu presha inabadilika na shabaha inapotea, ndo maana mafundi wanaweka kipete cha tungsten carbide. Hapo usibane hela. Kitako cha McMillan ni kizuri lakini kinaweza kusubiri.

Wewe ndo ulikuwa unambebea baba pembe ya baruti, mimi nabeba kibuyu cha maji, na roho ilikuwa inaniuma kweli. Alikuchagua wewe kwa sababu mkono wako ulikuwa umetulia. Mpaka leo umetulia kuliko wangu, hilo nalisema mbele ya watu wote.

Ndo maana ile jioni ya Januari siisahau. Nilikwambia mwisho wetu ni yadi 200. Kipima umbali kikasoma 370, upepo wa ubavuni, jua limeshazama, wewe ukafyatua na bunduki yangu. Yule kulungu jike akaruka akakunja mgongo, tuliona wote wawili, ukaniambia umemkosa. Tukafika pale pana nywele na damu juu ya theluji. Ukasema kaka giza limeingia kesho tuna kazi. Ukarudi kwenye gari ukawasha hita ukakaa na simu, mimi nikaingia msituni na tochi peke yangu, nikaenda kugonga mlango wa mzungu mwenye shamba la pili usiku ule kuomba ruhusa ya kuvuka uzio. Nilipomkuta alikuwa bado anapumua. Nilirudi na damu mpaka kwenye viwiko na hukushuka hata kunisaidia kumburuta.

Baba aliwahi kulala porini kwa ajili ya mnyama aliyemjeruhi. Ulikuwepo, wewe ndo ulimpelekea uji asubuhi.

Kwa hiyo uliponiomba nikuchangie mtutu nikakataa, haikuwa hela. Ukampigia mama kule nyumbani Sikonge ukamwambia kaka amekuwa na roho mbaya tangu apate makaratasi. Roho mbaya! Mimi niliyekupokea airport, mimi niliyekulipia lile deposit unalolijua. Nilikataa kwa sababu bunduki ya MOA mbili, yaani inayotawanya kama inchi 2 kwa kila yadi 100, kwa yadi 400 inatawanya inchi 8, na hicho ndo kifua chote cha kulungu pale penye moyo na mapafu, hapo hujahesabu upepo wala pumzi yako. Na gobore halina risasi ya pili ya haraka. Ukijeruhi, kabla hujamaliza kushindilia ameshaingia msituni. Nani angekupa hela baada ya kuona nilichokiona? Wewe ungenipa?

Halafu nasikia unasema utaenda nayo Colorado kuwinda elki, wale kulungu wakubwa, msimu wa magobore. Kule msimu huo darubini hairuhusiwi, baruti isiyo na moshi hairuhusiwi, na kwa elki kalibra inaanzia 50. Hiyo 45 yako itabaki Ohio. Huyo fundi hajakwambia? Mimi ningekwambia kabla hujatoa hata dola. Na ukianzia risiva ya rifle ya kawaida, sheria ya federali inaihesabu bunduki kamili siyo gobore la kale, kwa hiyo usimwachie mtu akununulie kienyeji, wewe na makaratasi yako unajua.

Mimi sijasema usiiunde. Iunde, na iwe nzuri, mkono unao. Ila ukiikamilisha anza na yadi 200, ipige mtutu ukiwa baridi, safisha kila baada ya risasi, ongeza umbali pale tu unapopiga ndani ya inchi 4 kila mara, na siku yenye upepo shusha bunduki.

Mama nimemweleza hivi hivi nilivyoandika hapa, mpaka habari ya hita. Mpigie umuulize alinijibu nini.