Risala ya Kikundi cha Ulinzi Shirikishi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mafunzo ya Walinzi wa Mtaa, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya. Afande Polisi Kata. Mtendaji, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na wajumbe wa mashina. Wazazi wetu na ndugu wananchi,

Karibu mtaani kwetu.

Mheshimiwa, ulinzi shirikishi haumalizwi na vibaka. Unamalizwa na michango. Mwezi wa kwanza kila kaya hutoa. Wa tatu mlinzi anadai posho na mkusanyaji hana daftari. Kwa hiyo hesabu yetu ni hii: kaya 200 kwa shilingi 2,000 ni 400,000 kwa mwezi. Walinzi 8 wanalipwa 45,000 kila mmoja, na 40,000 inayobaki ni ya betri za tochi na makoti ya mvua. Stakabadhi ni lazima. Mapato na matumizi yanabandikwa ofisi ya mtaa, na anayekusanya halindi.

Lindo linaanza saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri. Njia hubadilishwa kila siku, maana kibaka akijua lindo hupita kichochoroni saa 8, yeye huingia saa 8 na robo. Usiku wa mvua ndio wa kulinda zaidi: bati likipigwa na mvua, hakuna anayesikia nondo ya dirisha ikikatwa.

Mlinzi habebi panga. Ana filimbi, tochi, kizibao kinachong'aa na kitambulisho. Hapigi kelele za "mwizi!", kwa kuwa kelele hizo huleta umati wenye mawe na matairi, na aliyeuawa hawezi kusikilizwa tena. Mtuhumiwa hapigwi, inapigwa simu 112, anakabidhiwa polisi bila kuchelewa. Kielelezo, yaani kitu cha ushahidi, anakaa nacho mtu mmoja, na huyohuyo ndiye anayeandika maelezo kituoni. Kikipita mikono mitano, kesi hulegea mahakamani.

Mheshimiwa, tuna maombi matatu. Wenye mapagala wayazibe milango na madirisha. Wenye nyumba wasipokee kodi kabla mpangaji hajaandikwa kwa mjumbe. La tatu ndilo linalotuuma: siri. Mama akitoa taarifa asubuhi, jioni jina lake likawa kijiweni, hatatoa tena, wala jirani yake. Tunaomba taarifa zipokelewe faraghani, na anayevujisha achukuliwe hatua.

Tunaomba kuwasilisha.