Barua kwa mwanangu kuhusu vidonge vya uso

Mwanangu,

Sisi hapa Arua hatujambo, nyanya yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma mara nyingi, na ile picha nimeikuza hadi nikaliona jipu jipya karibu na taya. Umesema limevimba chini ya ngozi na linauma hata ukigusa mto. Siku hiyo vitambaa vya wateja nilivikata vibaya.

Kabla ya dawa nina la kukuambia. Yale mafuta ya tyubu uliyopaka ukiwa bado shule ya bweni, mimi ndiye niliyeyanunua sokoni. Muuzaji aliniambia yanaondoa chunusi na kung'arisha uso, na wiki mbili za mwanzo ulilainika kweli, nikamshukuru Mungu. Juzi mama yako mdogo aliikuta ile tyubu kabatini akasoma maandishi madogo: klobetasoli. Hiyo ni steroidi kali. Hushusha uvimbe haraka, kisha hukondesha ngozi, na yenyewe huzaa chunusi; ukiiacha, uso unalipuka kuliko mwanzo. Nami uso ulipolipuka nilikugombeza kwamba hunawi. Nisamehe, mama. Chunusi haziletwi na uchafu. Homoni huzidisha mafuta ya ngozi, vinyweleo vinaziba, bakteria wanazaliana humo, na mwili unavimba kwa kupigana nao. Kwa hiyo acha kabisa kusugua kwa dodoki. Kwa ngozi nyeusi kama yetu kila kidonda huacha doa la miezi mingi, na wewe tayari una makovu shavuni.

Sasa swali lako. Daktari wa ngozi amekuwekea njia mbili na unataka kujua mimi naona ipi. Nimekaa na mama yako mdogo jioni nzima, unajua uuguzi ameufanya miaka mingi, nikamuuliza hadi chai ikapoa.

Njia ya kwanza ni kurudia doksisaiklini, pamoja na jeli ya benzoili peroksaidi na ile krimu ya usiku, adapalini. Ni dawa nzuri kwa wengi. Lakini doksisaiklini ulishaimeza miezi 3, na antibayotiki za chunusi hazipaswi kuvutwa mwaka mzima, maana bakteria huzizoea. Haimezwi peke yake bila jeli kwa sababu hiyo hiyo. Ikiwa bado ndiyo utakayochagua, imeze na maji glasi nzima na usilale papo hapo, huchoma koo. Jua nalo litakuunguza upesi. Jeli usiipake ukiwa na lile gauni langu la kitenge, inachujua rangi ya nguo.

Njia ya pili ni isotretinoini, na mimi naona uichukue, vipimo vya damu yako vikikubali. Ni dawa ya jamii ya vitamini A inayokausha tezi za mafuta zenyewe, na wengi wakimaliza dozi chunusi hazirudi, au zikirudi huwa hafifu. Inatumika tangu 1982, si jambo la kujaribiwa kwako. Nimepiga hesabu kama ninavyopiga za duka. Una kilo 50. Dozi nzima huwa kati ya miligramu 120 na 150 kwa kila kilo, basi kwako ni kati ya 6,000 na 7,500. Ukimeza 30 kwa siku, yaani kidonge cha 20 na cha 10, ni siku 200 kwa uchache. Karibu miezi 7. Kwa hiyo nataka tununue kidogo kidogo lakini bila kukatiza katikati. Wiki za mwanzo uso unaweza kuchafuka zaidi. Usikate tamaa ukatupa vidonge. Midomo itapasuka, macho yatakauka. Utapimwa ini na mafuta ya damu. Usiichanganye na doksisaiklini hata siku moja, maana zikikutana zinaweza kuongeza shinikizo ndani ya kichwa, na vidonge vya vitamini A vya dukani uviache.

Kuna jambo ambalo mama wengi wa kwetu hawaliandiki, mimi naliandika. Dawa hii humharibu mtoto tumboni: ubongo, moyo, uso, masikio. Kidogo tu kinatosha. Ndiyo maana daktari atakupima mimba kabla ya kuanza, na atataka utumie uzazi wa mpango kuanzia mwezi 1 kabla, muda wote wa dawa, na mwezi 1 baada ya kidonge cha mwisho. Sikuulizi una nani huko Kampala. Nakuomba umjibu daktari ukweli wote, hata ule usioweza kunipa mimi. Mweleze pia habari ya uso unapochagua njia ya uzazi wa mpango, kwa sababu vidonge vyenye homoni 2 huweza kutuliza chunusi, ilhali kijiti na sindano kwa wengine huzizidisha. Usimgawie rafiki hata kidonge kimoja, na usimchangie mtu damu hadi mwezi upite baada ya kumaliza.

Na moyo wako je? Wapo waliopata huzuni nzito wakiwa kwenye dawa hii. Ukiona usingizi umekukimbia, au huna hamu ya watu, nipigie hata usiku wa manane, halafu kesho yake mwambie daktari.

Dawa huingia vizuri mwilini ikiliwa na chakula chenye mafuta. Chai kavu ya asubuhi haitoshi. Kwa hiyo nimesaga simsim, kopo kubwa, na karanga za kuweka kwenye mboga. Pesa za vipimo nitatuma kwenye simu Ijumaa. Kopo litakuja na basi la Jumamosi, nimeliandika jina lako kwa kalamu nyekundu, uwahi stendi kabla halijafunguliwa na wengine.

Mama yako