Fomu bado sijatia saini

London, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, ila baridi ya huku haina adabu. Nisamehe kwa kimya. Tangu arusi ya Salma sijakuandikia, na najua umeshanisema kwa Bi Rukia, maana yule hana kifua, siku ile ile alinifikishia. Nimeona niandike badala ya kukurekodia sauti. Kwenye sauti ningelia, na wewe nikilia hucheka.

Ni Idi. Wanataka kumpitishia tena mrija kwenye moyo, mara ya nne, na mtoto hajatimiza miaka kumi. Safari hii daktari anasema hawatatumia eksirei, watamwingiza kwenye MRI, ile mashine ya sumaku inayoona ndani ya mwili, na kuufuata mrija humo humo. Nikamuuliza, MRI si ya kupigia picha tu? Kumbe wenyewe hapa London wana siku nyingi nayo. Daktari Reza Razavi na wenzake waliandika habari zake kwenye jarida la Lancet mwaka 2003: chumba kimoja, upande huu sumaku, upande ule eksirei, na mgonjwa anasogezwa na kitanda chake. Nami nilishaanza kugomba kwamba mwanangu ndiye wa kujaribiwa!

Faida naiona, sikatai. Huyu mtoto amekula mionzi tangu hajajua kutembea, na bado ana umri mrefu mbele yake inshallah. MRI haina mionzi hiyo. Halafu eksirei inauonyesha mrija vizuri, lakini moyo wenyewe ni kivuli mpaka wamwage dawa ya rangi. Humu wanaona kuta za moyo na damu inavyopita. Anachotafuta daktari hasa ni mishipa ya mapafu, imekaza kiasi gani. Mrija unapima presha, mashine inapima damu inayopita, kwa pamoja, anapiga hesabu, anapata jibu lake. Ile njia tuliyoizoea damu hukokotolewa kwa oksijeni, na mara nyingi oksijeni anayotumia mtoto haipimwi, inasomwa kwenye jedwali. Jedwali, Zuhura! Na jibu hilo ndilo linaloamua kama Idi atapasuliwa au hapasuliwi. Mara tatu zote hakuna aliyenieleza hivyo, walinipa karatasi ya namba nikaikunja nikaitia mkobani.

Wiki iliyopita nilipelekwa kukiona chumba. Muuguzi akaniambia nivue kila chenye chuma. Nikavua bangili, hereni, nikadhani nimemaliza, akanionyesha mtandio. Pini saba! Nimezipanga kwenye kisahani moja moja kama machinga, na ya saba ilikuwa imezama mpaka nikaomba kioo. Kelele za ile mashine sasa, kinu cha Mzee Shomari siku mkanda ulipokatika. Mtoto huzibwa masikio hata akiwa kwenye usingizi wa nusu kaputi. Ila upande ule wa sumaku hakuna aliyevaa risasi, lile aproni zito la kuzuia mionzi mnalovaa nyinyi wa chumba cha eksirei, nikakukumbuka na mgongo wako. Nikakumbuka na mama yako alivyoshtuka, eti mwanangu anavaa risasi kazini, yuko hospitali au jeshini?

Chuma ndicho kilichowasumbua miaka yote. Waya zenu za kuongozea mrija, zikiingia humo zinakuwa antena, zinanasa mawimbi ya redio ya mashine yenyewe na kupata moto. Moto, ndani ya moyo wa mtu. Kwa hiyo Idi atapitishiwa mrija usio na chuma, una kiputo mbele, kwenye skrini kinaonekana kama doa, na damu yenyewe inakisukuma. Wamarekani wa NIH, taasisi yao ya utafiti wa afya kule Bethesda, wameijaribu sumaku dhaifu, tesla 0.55 (tesla ndiyo kipimo cha nguvu ya sumaku), ili waya usichemke. Ya hapa ni 1.5.

Hayo yote nimeyaelewa, na fomu bado iko juu ya friji. Kinachoninyima usingizi ni kimoja: moyo ukigoma akiwa ndani je? Mashine ya kuushtua haikaribii sumaku. Daktari anasema wanamtoa kwanza, kitanda kinateleza upande wa pili, kila kitu kiko pale, na timu hufanya mazoezi ya kumtoa huku wanahesabu sekunde. Nikamuuliza sekunde ngapi. Akanitajia. Nimefika nyumbani nikakaa kwenye kochi nikazihesabu kwa sauti, Zuhura, ni nyingi. Baba Idi akanikuta, akadhani nasoma uradi.

Yeye anasema tusaini. Anasema hata kwenye eksirei moyo unaweza kugoma. Kweli, lakini pale wamesimama kando yake.

Wewe umesimama pale miaka mingapi, kumi na mbili? Umeshaona umegoma mara ngapi, kwa mtoto wa umri wake? Zile sekunde, kweli ni nyingi au ni mimi? Ningekuwa nakuuliza kuhusu mwanao Mwanaisha, ungetia saini? Na yule Mjerumani uliyenisimulia, aliyejitia mrija mwenyewe mkononi mwaka 1929 akashuka ngazi kwenda kupigwa eksirei, mama yake alikuwa hai? Nijibu kabla ya Alhamisi, hata maneno mawili. Na mgongo, ulikwenda kuutazamisha au bado unausugua mafuta ya Bi Rukia?

Wako,
Mama Idi